Kiti Kirefu cha Katekista

Nilipaswa kukataa. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba ya Kishanda, watu wa kijiji kizima wameketi kwenye nyasi za uwanja wa shule, na msaidizi wa mgeni wetu kutoka wilayani akanigusa bega.

"Katibu," akaniuliza, "yule mzee aliyekaa juu kule nyuma ni nani? Mtemi?"

Nikacheka. Nikamwambia kwamba si mtemi, ni katekista wetu, amepasuliwa nyonga mara mbili na haruhusiwi kuketi chini.

"Leo hakuna kiti," akasema. "Mgeni mwenyewe ataketi chini na wananchi. Mteremshe."

Nikasema, "Sawa."

Nilikuwa katibu wa kijiji, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na nilikuwa na nafasi ya kujibu vingine. Ningesema, "Haiwezekani," na dunia isingeanguka. Labda ningefokewa. Labda ningenyang'anywa ukatibu, ambao baadaye niliuacha mwenyewe na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hasira ninayotembea nayo mpaka leo si ya yule msaidizi. Yeye hakujua habari za nyonga ile. Mimi nilizijua kuliko mtu yeyote pale uwanjani.

Watu wa rika langu waliobaki wanakikumbuka kiti kuliko mtu aliyekikalia. Wakikutana kwenye mazishi husimulia habari za kile kiti na kucheka. Kwa hiyo naandika habari za mtu. Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani, maana hata sisi hatukumjua kwa hayo. Aliitwa Katekista. Mkewe naye alimwita Katekista, na yeye mkewe tulimwita Mama Katekista. Mimi peke yangu nilimwita Tata, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, kwa sababu ndiye aliyenisimamia siku ya ubatizo. Baba yangu mzazi alipofariki nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, hakubaki mtu mwingine wa kumwita hivyo.

Alitufundisha katekisimu kwa miaka mingi, na kitu cha kwanza alichofundisha kilikuwa kupiga magoti. Si sala, magoti. Tulipangwa kwa mistari ndani ya kanisa dogo la udongo, naye akapita nyuma yetu na kifimbo cha mti wa mbuni. Hakutuchapa. Aligusa kisigino cha mtu aliyekalia miguu yake, kisha akasema neno moja tu: "Mgongo!" Mtoto alinyooka kama aliyemwagiwa maji. Katikati ya rozari, macho yake yamefumba, aliweza kusema "Mgongo!" na watoto watatu wakanyooka kwa pamoja kila mmoja akidhani ni yeye.

"Kama umechoka, keti," alikuwa akituambia. "Kama umepiga magoti, piga magoti. Usinifanyie kitu cha katikati."

Kitu cha katikati hakukipenda popote. Nilipotoka sekondari nikarudi kijijini na suruali ndefu mpya, watu walinisifu njia nzima kutoka barabarani. Yeye alinitazama kuanzia viatuni mpaka kolani.

"Suruali nzuri, mwana wange," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu kwa Kihaya. "Ndani yake kuna mtu?"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi sikucheka. Nililala na lile neno, na asubuhi nikavaa kaptula nikaenda kulima kibanja cha mama yangu, ambacho nilikuwa nimekipita siku mbili bila kukitazama. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikusema mbele za watu, ukamchukia, kisha ukaenda ukafanya jambo ulilokuwa unalikwepa.

Nisimfanye malaika. Alihubiri dhidi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akiiita mama wa ugomvi, na Jumamosi jioni alikuwa na kibuyu chake cha rubisi nyuma ya nyumba. Ukimkuta alisema ni kwa ajili ya mifupa. Alituambia tusamehe, naye alibishana na jirani yake Mlutheri, fundi seremala, kwa miaka ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Walibishana juu ya Bikira Maria, juu ya Papa, juu ya mpaka wa migomba yao, kisha wakagawana kahawa ya kutafuna kutoka mkono mmoja. Alijivuna pia. Alijivunia sauti yake ya kuimba, ambayo haikuwa nzuri, na miguu yake, ambayo ilikuwa mizuri kweli. Alikwenda kwa miguu mpaka Buganguzi na kurudi siku hiyohiyo kuzika au kubatiza, akifika bila vumbi kana kwamba ameletwa na mtu.

Mguu wake mmoja ulivunjika nyongani, kibanjani kwake. Alikuwa anaangusha mkungu wa ndizi baada ya mvua, akateleza kwenye majani, mkungu ukaja juu yake. Hospitali ya misheni walimwekea kichwa cha chuma mahali pa kichwa cha mfupa. Alitembea nacho muda, akakisifu, halafu chuma kikaanza kulegea na kumsaga ndani. Alikuwa akisimamisha ibada kati ya neno na neno ili maumivu yapite. Mwishowe wakasema lazima afunguliwe tena palepale, kitolewe kile na kuwekwa kingine, na kazi hiyo ingefanywa ng'ambo ya ziwa, ambako alikuwapo daktari mgeni mwenye ujuzi huo.

Mimi ndiye niliyempeleka. Tulipanda meli Bukoba, yeye kwenye machela, mimi na kikapu cha ndizi za kuchoma. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua Kiingereza. Kwa hiyo siku daktari alipokuja kitandani kutoa masharti, yalipita kinywani mwangu kabla hayajafika masikioni mwake.

Daktari alikunja ngumi, akaiweka ndani ya kiganja cha mkono mwingine. Hii ndiyo nyonga, akasema. Mara ya kwanza nyama zinazoizunguka zilikuwa nzima, zikaishika. Sasa zimekatwa mara mbili. Ni kama mdomo wa gunia ulioshonwa, ukafumuliwa, ukashonwa tena. Chuma ni imara, lakini mshono ni dhaifu, na mguu ukipindwa vibaya ngumi itachomoka kiganjani. Akaichomoa ngumi yake kwa nyuma, polepole, nasi tukaitazama kama watu wanaotazama nyoka akitoka shimoni.

Halafu akaeleza. Goti lisipande juu kuliko nyonga hata siku moja, kwa hiyo asiketi chini wala kwenye kigoda. Asiiname kuokota kitu. Asikunje nne. Asigeuze kidole cha mguu kuelekea ndani, hata anapogeuka kusalimiana na mtu. Alale na mto katikati ya miguu. Anapoinuka, ausogeze mwili mpaka ukingoni mwa kiti kwanza, aunyooshe mguu mbovu mbele, ajisukume kwa mikono.

"Mwulize," Katekista akaniambia, "kupiga magoti je?"

Nikauliza. Daktari akataka kujua kwa nini mgonjwa anauliza hilo kabla ya mambo mengine yote. Nikamweleza kazi yake. Daktari akafikiri, akasema, "Mwambie Mungu wake ataelewa. Nyonga haitaelewa."

Katekista alilicheka neno hilo mpaka nesi akaja kumnyamazisha. Kisha akautazama mguu wake.

"Na ikichomoka?" akauliza.

Jibu la daktari nililitafsiri neno kwa neno. Ikichomoka anaweza kuivuta irudi, kama yupo na kama mgonjwa atafika mapema. Ikikaa nje, au ikivunja ukingo ikitoka, yeye hana tena mahali pa kushona.

Basi tukarudi Kishanda na masharti yale, na hapo ndipo ilipoanza taabu, maana masharti yalitungwa na watu wanaoishi juu ya viti. Kwetu wakati ule maisha yalikuwa chini. Nyumbani mgeni alitandikiwa nyasi safi sakafuni. Mzee alipewa kigoda. Ndizi zilimenywa chini, kahawa ilianikwa chini, mgonjwa alitazamwa chini, matanga yalikaliwa chini. Choo kilikuwa shimo. Hakukuwa na jambo moja la mtu mwenye heshima ambalo halikuanza kwa kukunja nyonga.

Jirani Mlutheri ndiye aliyetengeneza kiti. Alimsimamisha Katekista ukutani, akampima kutoka unyayo mpaka nyuma ya goti, akaongeza. Kilikuwa cha mvule, kirefu, chembamba, chenye mikono ya kujisukumia.

"Leo Mkatoliki ataketi juu kuliko Mlutheri," fundi akasema akikigonga msumari wa mwisho.

"Ndivyo ilivyo hata mbinguni," Katekista akajibu.

"Lakini kwa kazi ya mikono ya Mlutheri. Ukifika huko uwaambie."

Akatengeneza na sanduku lenye tundu la kuweka juu ya shimo la choo. Watu walikuja kulitazama lile sanduku kana kwamba ni mtambo. Kitanda kiliinuliwa kwa mawe. Fimbo ndefu ilifungwa ndoano ya waya nchani, ya kuokotea vitu. Mama Katekista alimvisha viatu.

"Mto tuliokuwa nao ni mmoja," alilalamika kwa wanawake wenzake kisimani, "na sasa unalala katikati ya miguu yake. Mimi nalalia mkono wangu. Nimeolewa na kiti, jamani, na kiti chenyewe kinakoroma."

Katekista alishika masharti yale kama alivyotushikisha amri kumi. Ndiyo maana alituchosha. Mgonjwa mkaidi watu humwonea huruma. Mgonjwa mtiifu huwasumbua. Alikwenda na kiti chake kila mahali, kikibebwa na yeyote aliyekuwa njiani. Mara nyingi nilikuwa mimi. Nimekibeba kiti kile kwenye harusi, kwenye kikao cha shule, kwenye matanga. Kilikuwa kizito, na mikono yake ilinigonga mbavu kwenye kila mteremko.

Siku moja tulikwenda Buganguzi kwa wakwe wa kaka yake, kwenye shughuli ya kumtambulisha msichana. Wazee wa pale walikuwa wameketi kwenye nyasi, mwenye nyumba kwenye kigoda chenye ngozi. Kwa desturi yetu mgeni haketi juu ya kichwa cha mwenye mji. Mimi nikaingia na kiti kinachofika kifuani. Mzee mmoja alikitazama, akainamisha kichwa mpaka chini, akasema kwa sauti, "Kasinge Waitu!"

Ndiyo salamu waliyopewa watemi wetu, na watemi walikuwa wameshaondolewa na serikali mpya. Nyumba nzima ikacheka.

"Usinisalimie mimi," Katekista akasema. "Salimia chuma. Mimi nimekibeba tu."

Wakacheka zaidi, lakini mwenye nyumba hakucheka. Katekista aliona. Akaniambia nikitoe kiti nje. Akasimama shughuli nzima, ameegemea nguzo, mkewe akimshikia sahani ya ndizi kama mtu anayelisha farasi. Nilitaka ardhi inimeze. Njiani kurudi, kiti kikinigonga mbavu, nilishindwa kujizuia.

"Tata, ungeketi kidogo tu. Kidogo tu, kwa ajili ya heshima ya watu."

Alisimama njiani. "Hiyo kidogo ndiyo inayochomoa," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia. Au ulitafsiri uongo?"

Nilikuwa na kiburi cha miaka ile, na neno hilo lilinichoma. Nikaanza, bila kujijua, kuona nyonga yake kama ubishi wake mwingine.

Mara moja tu nilimwona akitaka kuvunja sharti. Ilikuwa msimu wa senene. Walianguka alfajiri, na kulipopambazuka uwanja wa kanisa ulikuwa wa kijani, watu wameinama wanaokota na kujaza vikapu, bibi vizee kwa watoto. Hakuna mtu Kishanda aliyependa senene kama Katekista. Alisimama katikati yetu na fimbo yake yenye ndoano, akijaribu kumnasa senene mmoja. Alimgusa, akaruka. Akamgusa tena, akaruka. Uso wake ulibadilika. Niliona mkono wake ukitangulia chini, mgongo ukifuata, na nikapiga kelele kabla sijafikiri:

"Mgongo!"

Akanyooka. Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, machozi yakimtoka. Watu wakamjazia kofia senene mpaka ikafurika. Jioni ile aliniita nyumbani tukala pamoja, wakiwa wamekaangwa kwa chumvi, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia kabla.

"Nimekufundisha vizuri," alisema.

Ningependa habari iishie hapo.

Kisha ikaja miaka ya ujamaa kwa nguvu zake zote, nikachaguliwa katibu wa kijiji. Niliamini, na sioni aibu kusema hivyo. Tulilima shamba la pamoja la mahindi na maharage kwenye uwanda wenye majani makavu, mahali ambapo wazee walituambia hapaoti kitu. Katekista hakuweza kulima, lakini hakukubali kubaki nyumbani. Alileta kiti chake ukingoni mwa shamba, akaketi juu, akatutazama. Na kwa sababu alikuwa yeye, alisema.

"Mwana wange, mstari wako umepinda."

"Mwana wange, hao wamelala nyuma ya kichaka tangu umepita."

"Mwana wange, ulitoa hotuba ndefu juu ya jembe. Lako liko wapi?"

Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilisemwa mbele ya watu niliopaswa kuwaongoza. Vijana wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikizungumza peke yangu njiani, nikimjibu. Nilimheshimu, nilimhitaji, na nilitamani siku moja anyamaze. Wakati mwingine nilisema moyoni: laiti angeshuka kutoka juu ya kile kiti.

Siku ya mgeni, basi. Nilivuka uwanja kati ya watu walioketi, nikamfikia nyuma. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka. Nikainama kwenye sikio lake.

"Tata, leo wote wanaketi chini. Hata mgeni. Ni kwa muda mfupi tu."

"Unajua daktari alisemaje."

"Najua."

"Basi nisimame. Nitasimama hapa hapa, naegemea fimbo."

Nikatazama mbele. Msaidizi alikuwa amekunja mikono, ananingoja. Watu wa karibu walikuwa wamegeuka.

"Ukisimama peke yako itaonekana unapinga," nikasema.

Alinitazama. Nilikuwa nimezoea kutazamwa naye, nikajua linakuja neno la kunichoma, na nikajiandaa kukasirika. Lakini hakuchoma. Aliuliza tu, kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa:

"Unaniambia kama mwanangu, au kama katibu?"

Lilikuwa swali rahisi, na angekubali jibu lolote. Kama ningesema "kama mwanao," angeniambia, "Basi mwana wange, nenda kamwambie bwana yule baba yako ni mgonjwa." Najua hivyo. Nimelijibu swali hilo vizuri mara nyingi mno tangu siku ile, peke yangu.

"Kama katibu," nikasema.

"Sawa, Ndugu Katibu."

Vijana wawili wakamshika makwapa, wakamshusha kwenye nyasi. Mimi mwenyewe nilikibeba kiti, nikakiweka nyuma ya darasa. Kwa mara ya kwanza nilikiona chepesi.

Alijitahidi. Aliketi ameegemea nyuma juu ya mikono yake, mguu ameunyoosha mbele, kidole kimeelekea juu, kama alivyoelekezwa. Mgeni alifika na akaketi chini kweli, akiwa na suti nzuri, na watu wakampenda kwa hilo. Hata mimi machozi yalinilengalenga. Alizungumza vizuri juu ya usawa. Alipomaliza, wimbo ukaanzishwa na watu wote wakainuka kwa mara moja. Hakuna aliyekumbuka kumwinua Katekista. Aliona kila mtu amesimama. Akageuka kwenye upande wake, akaukunja mguu, akajaribu kuinuka kama wengine.

Mlutheri alikuwa karibu yake, na ndiye aliyeniambia baadaye kwamba aliisikia, kama pingili ya muwa inapovunjwa. Katekista hakupiga kelele. Wimbo uliendelea mpaka ubeti wa mwisho. Nilipofika, mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia ndani, na nikaikumbuka ngumi ya daktari ilivyochomoka kiganjani.

Tulimchukua kwa machela mpaka barabarani, na kwa lori lililokuwa limepakia kahawa mpaka hospitali ya misheni. Wakamvuta, ikashindikana. Tukangoja meli Kemondo, ikawa haiji. Tukangoja Bukoba, ikaja na kuchelewa kutoka. Nilizunguka bandarini nikigombana na kila mtu mwenye kofia. Tulipovuka ziwa tukaambiwa daktari yule mgeni amekwisha kurudi kwao, na waliobaki wakatazama picha, wakatazamana, wakasema ukingo umevunjika na nyama hazina tena pa kushika. Nilimtafsiria. Aliitikia kwa kichwa.

"Ahsante, Ndugu Katibu," akasema.

Nilidhani ni hasira, na hasira ningeiweza. Nilingoja anilaumu. Nilijiandaa ndani ya meli, nikaiandaa hata toba yangu, lakini hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Nilipomwomba msamaha alisema, "Imekwisha samehewa," upesi, kama mtu anayemruhusu mtoto atoke nje. Mama Katekista ndiye aliyenisema. Alinisema mlangoni kwake, kwa Kihaya, kwa maneno ambayo sitayaandika, na namshukuru.

Hakutembea tena. Alisogea kwa magongo kutoka kitandani mpaka mlangoni, na akiketi iliuma, hata juu ya kiti kirefu. Watoto wa katekisimu walipewa mwalimu mwingine. Shamba la pamoja lilikufa polepole, kama wazee walivyosema, bila mtu kukaa ukingoni na kutuambia mistari imepinda. Nikaacha ukatibu. Nikaenda kufanya kazi ya ukarani Muleba, nikaoa vibaya, nikaachana, nikanywa rubisi kuliko ilivyofaa. Kila nilipofanya kosa niliona ajabu jinsi lilivyo rahisi, maana hapakuwa na mtu wa kunisimamisha njiani.

Mara ya mwisho nilimkuta mchana wa kiangazi, amelala kando ya dirisha, mto ungali katikati ya miguu yake. Nilimwuliza Mama Katekista kwa nini bado, wakati hakuna tena cha kulinda. "Amezoea," akasema. Kiti kilikuwa pembeni, juu yake mtungi wa maji.

"Karibu, Ndugu Katibu."

"Si katibu tena, Tata. Miaka mingi sasa."

"Ndiyo. Karibu."

Nilipiga magoti sakafuni karibu na kitanda. Nilikuwa na mwili mzito kufikia wakati ule, na nilikuwa nimekunywa asubuhi. Alijua, pua yake ilikuwa nzima. Nilikalia visigino vyangu. Niliacha mgongo ukajikunja kama gunia tupu, kwa makusudi, nikangoja. Macho yake yalipita juu ya visigino vyangu, yakapita mgongoni, yakafika usoni. Niliona ameona. Kifimbo cha mbuni kilikuwa kimechomekwa kwenye dari, ningeweza kukigusa.

"Usijichoshe hapo chini, Ndugu Katibu," akasema kwa adabu. "Mama, mtolee mgeni mtungi, aketi kwenye kiti."

Niliketi juu ya kiti kile. Miguu yangu haikugusa sakafu vizuri. Tulizungumza habari za mvua na bei ya kahawa, kama anavyozungumza mzee yeyote na afisa yeyote. Akanisifu kwa kuja, akanisifu koti langu. Alifariki kabla ya senene wa mwaka ule.

Uamuzi wangu ulimnyima yeye mguu. Mimi, ulininyima baba. Alikuwa wa pili kwangu na ndiye niliyebaki naye, naye hakuniita mwana wange tena tangu asubuhi ile pale uwanjani mpaka alipokufa.